Udongo wa Kina Kifupi Kwenye Miteremko ya Malisho: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu udongo wa vilimani: mwembamba, wenye mawe, usiotuamisha maji, na ambao kazi yake kubwa ni kuotesha majani ya mifugo na wanyamapori. Maswali mengi kuhusu udongo huu, hata yanayoonekana kuwa ya mbegu, mbolea au idadi ya ng'ombe, mwisho wake hurudi kwenye jambo moja: unaweza kuweka akiba ya maji kiasi gani, na akiba hiyo hudumu siku ngapi.

Udongo huhesabiwa kuwa wa kina kifupi ukiwa na sentimita ngapi?

Kwa vipimo vinavyotumiwa na wapima udongo wa Marekani, udongo wa kina kifupi ni ule wenye sentimita 25 hadi 50 kabla ya kufika kwenye mwamba au tabaka jingine linalozuia mizizi. Chini ya 25 ni kifupi sana. Kuanzia 50 hadi 100 ni kina cha wastani, 100 hadi 150 ni kirefu, na kupita hapo ni kirefu sana.

Mfumo wa kimataifa wa kuainisha udongo una kundi lake kwa ajili ya udongo mwembamba kabisa, Leptosoli, ambako mwamba hukutwa ndani ya sentimita 25 au mawe yamejaa kiasi kwamba udongo wenyewe ni kidogo. Kundi hilo linakadiriwa kufunika takriban hekta milioni 1,655 duniani, na hakuna kundi jingine linaloenea zaidi yake. Kwa hiyo mwenye kilima cha namna hii asidhani ameonewa peke yake.

Je, kuna tofauti kati ya mwamba mgumu na mwamba uliooza?

Ipo, na ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Mwamba mgumu haukatwi kwa koleo, na nyufa zinazoruhusu mizizi ni chache, zimeachana sentimita 10 au zaidi. Mwamba uliooza huchimbika kwa taabu kidogo, humeguka mkononi, na huweza kushika unyevunyevu ambao vichaka na miti huufikia. Mashimo mawili yanaweza kuwa na sentimita 40 za udongo kila moja, lakini lililo juu ya mwamba uliooza likawa na majani mabichi wiki kadhaa zaidi. Ukipima kina tu bila kuangalia kilicho chini yake, umepima nusu.

Kwa nini udongo ni mwembamba juu na mnene chini ya kilima?

Kwa sababu mteremko hupokea na kutoa kwa wakati mmoja. Mwamba huoza polepole na kuzaa udongo, huku maji, mvutano wa ardhi na kwato zikiusukuma kuteremka. Begani mwa kilima, mahali panapobinuka kuanza kushuka, kinachoondoka ni kingi kuliko kinachoingia. Chini, mahali panapobonyea, kinachoingia hukaa.

Mpangilio huu ulielezwa vizuri sana na Geoffrey Milne, mwanakemia wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika. Katika miaka ya 1930 alionyesha kwamba aina za udongo kutoka kileleni hadi bondeni hurudiarudia kwa utaratibu uleule, kilima baada ya kilima, akaupa utaratibu huo jina la katena. Jina hilo bado linatumika duniani kote. Kabla yake, mwaka 1877, mwanajiolojia Grove Karl Gilbert alikuwa ameshaandika kuhusu milima ya Marekani kwamba unene wa udongo wenyewe huathiri kasi ya mwamba kuoza: blanketi nene la udongo huukinga mwamba ulio chini yake.

Basi udongo mwembamba ni dalili kwamba ardhi imeharibiwa?

Si lazima. Kuna vilima ambavyo havijawahi kuwa na udongo mnene, na kumlaumu mfugaji kwa hilo ni kumwonea. Lakini uharibifu nao una alama zake, na zinaonekana bila maabara.

Angalia mashina ya nyasi za kudumu. Yakiwa yamesimama juu ya vijiguzo vya udongo, mizizi ya pembeni iko wazi, basi ardhi iliyoyazunguka imeshuka. Angalia mawe makubwa pia: kuvu na miani vinavyoishi pamoja na kutengeneza madoa ya kijivu, manjano au ya kijani kwenye jiwe huota kwenye sehemu iliyo wazi tu. Ukiona jiwe lina madoa hayo juu, kisha chini yake, karibu na ardhi, pana mkanda msafi usio na doa, sehemu hiyo ilikuwa imefukiwa si zamani sana. Upana wa mkanda hukuonyesha udongo umeshuka kiasi gani. Alama ya tatu ni rangi: udongo wa juu wenye mboji huwa mweusi au wa kahawia iliyokolea, na ukikuta juu ya ardhi rangi iliyopauka ileile unayoikuta ukichimba, tabaka la juu limeshakwenda.

"Kupitisha maji vizuri" maana yake nini hasa?

Hapa ndipo wengi hupotea. Wapima udongo wana madaraja 7 ya upitishaji maji, kuanzia udongo unaokauka mno hadi ule unaokaa na maji karibu mwaka mzima. Madaraja hayo yanaeleza ni mara ngapi na kwa muda gani udongo hubaki umelowa hadi mizizi ikakosa hewa. Hayaelezi kasi ya mvua kuingia ardhini.

Kwenye mteremko, maji ya ziada huondoka mapema, iwe kwa kuingia nyufani au kwa kutambaa juu ya mwamba kuelekea chini. Ushahidi uko kwenye rangi. Udongo usiotuama maji huwa na rangi moja, kahawia au nyekundu, kuanzia juu hadi kwenye mwamba. Mabaka ya kijivu yaliyochanganyika na ya kutu yanaonyesha kwamba maji hukaa mahali hapo kwa muda kila mwaka, hata kama siku uliyochimba palikuwa pakavu.

Kama unapitisha maji vizuri, mbona mvua kubwa inashuka bondeni kwa kishindo?

Swali zuri kuliko yote. Wahandisi wa maji nchini Marekani hugawa udongo katika makundi manne, A hadi D, kwa kuangalia unavyochangia mafuriko. Udongo wenye tabaka lisilopitisha maji ndani ya sentimita 50 huwekwa kundi D, ambalo hutiririsha maji mengi kuliko yote, hata kama udongo wenyewe ni tifutifu na unapitisha maji vizuri. Mambo haya mawili hayapingani. Mvua ndogo huingia yote na kuisha. Mvua kubwa hujaza nafasi iliyopo, na tone linalofuata halina pa kwenda.

Lakini kuna njia ya pili ya maji kutiririka, nayo haisubiri udongo ujae. Pakiwa wazi bila majani wala takataka za mimea, matone huupiga udongo, chembe ndogo huziba vitundu, na utando mgumu hutokea juu. Maji hutiririka huku sentimita kumi chini yake pakiwa pakavu. Baada ya mvua, chimba kidogo uone. Ukikuta pamelowa hadi kwenye mwamba, tatizo ni udogo wa nafasi, na huna la kufanya zaidi ya kupunguza kasi ya maji. Ukikuta pakavu chini ya utando uliolowa, tatizo ni uso wa ardhi, na hilo linatibika kwa kurudisha majani.

Udongo huu huhifadhi maji kiasi gani?

Tufanye hesabu. Udongo tifutifu huweza kushika takriban milimita 1.5 za maji yanayofaa kwa mimea kwa kila sentimita moja ya kina. Kina cha sentimita 40 kingekuwa na milimita 60. Ila udongo wa vilimani una mawe, na jiwe gumu halihifadhi kitu. Mawe yakichukua asilimia 35 ya ujazo, zinabaki milimita 39.

Majani yaliyostawi, siku ya jua kali, yanaweza kutumia milimita 4 hadi 5 kwa siku. Akiba hiyo ni ya siku nane au tisa. Kwa kweli itafika mbali kidogo, maana mimea hupunguza matumizi kadiri udongo unavyokauka, lakini ukuaji wa maana huwa umesimama. Udongo kama huo wenye kina cha sentimita 150 bila mawe ungekuwa na milimita 225, yaani karibu siku 50. Majirani wawili wanaopata mvua sawasawa wanaweza kuwa na misimu tofauti kabisa.

Ndiyo maana kwenye vilima hivi jumla ya mvua ya mwaka haisemi mengi. Mpangilio wake ndio unaosema. Milimita 20 kila wiki zinafaa kuliko 80 za usiku mmoja kisha ukame wa mwezi.

Niondoe mawe?

Usiyaondoe. Kwa vipimo vya wapima udongo, changarawe ni vipande vya milimita 2 hadi 75, na mawe huendelea kukua hadi yale ya zaidi ya milimita 600 ambayo hakuna mtu atakayeyabeba. Ni kweli kwamba yanapunguza nafasi ya maji, kama hesabu ilivyoonyesha. Lakini yaliyolala juu ya ardhi huvunja nguvu ya matone, huzuia jua kunyonya unyevu ulio chini yake, na huyakinga machipukizi dhidi ya midomo ya mifugo. Mwamba uliochomoza nao humwaga maji kwenye kifuko cha udongo kilicho kando yake, na kifuko hicho hupata mvua mara mbili. Tazama nyasi bora za kilima zimeota wapi.

Kuna tahadhari moja: mawe yaliyozama ndani ya utando mgumu hufanya kinyume, huongeza maji yanayotiririka. Dawa yake bado si kuyang'oa.

Mwaka 1973 mwanaikolojia Imanuel Noy-Meir alieleza jambo linalowashangaza waliozoea kusifu udongo mzito: katika nchi kavu, udongo wa chembe kubwa au wenye mawe unaweza kuotesha mimea mingi kuliko mfinyanzi, kwa sababu maji huzama mbali na jua badala ya kukaa juu na kukauka. Katika nchi zenye mvua nyingi mambo hugeuka.

Mimea gani hustahimili?

Nyasi za kudumu zinazoota kwa mafungu, vichaka vidogo, na majani ya muda mfupi yanayomaliza maisha yao kabla akiba haijakwisha. Nyasi hushindania maji ya sentimita za juu. Vichaka na miti hutafuta nyufa. Kwenye uwanda wa Edwards, Texas, mizizi ya miti imekutwa ndani ya mapango ya chokaa takriban mita 20 chini ya udongo ambao ungeweza kuupima kwa rula.

Hapo pana somo kwa mfugaji. Nyasi zikiliwa mno, maji ambayo zingeyatumia huteremka nyufani na kuwafaidisha washindani wao. Kilima huonekana cha kijani, hata pengine kijani zaidi kuliko zamani, lakini kijani hicho hakiliwi.

Eneo hili linaweza kulisha ng'ombe wangapi?

Makosa makubwa hufanyika hapa, kwa sababu watu huhesabu hekta kwenye ramani. Tuseme kilima kina hekta 100, na kila hekta hutoa kilo 1,000 za majani makavu kwa mwaka. Jumla ni kilo 100,000. Ng'ombe mmoja mkubwa akila kilo 10 kwa siku, mtu atasema kilima kinatosha ng'ombe 27.

Sasa toa ambacho hakifikiki. Mwaka 1988 mtaalamu wa malisho Jerry Holechek alipendekeza makadirio ambayo bado yanatumika: mteremko wa hadi asilimia 10 haupunguzi kitu, kati ya 11 na 30 punguza asilimia 30, kati ya 31 na 60 punguza asilimia 60, na juu ya 60 usihesabu chochote kwa ng'ombe. Kama kilima chako kina mteremko wa asilimia 20, zinabaki kilo 70,000. Halafu usiyalishe yote. Ukichukua asilimia 35, una kilo 24,500, ambazo ni ng'ombe 6, au 7 kwa mwaka mzuri. Kutoka 27 hadi 6, na hatujagusa mwaka wa ukame.

Umbali wa maji nao hukata. Kwa makadirio hayohayo, eneo lililo kilomita 1.6 hadi 3.2 kutoka kwenye maji hupunguzwa nusu, na zaidi ya hapo halihesabiwi. Mbuzi na kondoo hupanda vizuri zaidi, kwa hiyo usiwapimie kwa kipimo cha ng'ombe.

Kwa nini niache majani mengi hivyo?

Kwa ajili ya mizizi. Mtafiti wa nyasi Franklin Crider alichapisha mwaka 1955 majaribio ya kukata nyasi kwa viwango tofauti. Alipoondoa hadi karibu nusu ya majani, mizizi iliendelea kukua karibu kama kawaida. Alipovuka hapo, ukuaji ulianguka kwa ghafla, na alipoondoa asilimia 80 mizizi ilisimama kabisa kwa muda. Kwenye udongo wa akiba ya siku nane, nyasi ambayo mizizi yake imesimama haina muda wa kusubiri. Mabaki ya majani pia ndiyo paa la ardhi dhidi ya matone. Mimi huona asilimia 50 inayozoeleka kutajwa ni nyingi kwa miteremko hii. 35 au chini yake ni salama zaidi.

Mmomonyoko kidogo unaweza kuwa na madhara gani?

Milimita moja ya udongo ikiondoka kwenye hekta ina uzito wa takriban tani 13. Haionekani kwa macho. Wahifadhi udongo wa Marekani huweka kiwango cha juu kinachovumilika cha tani 1 hadi 5 kwa ekari kwa mwaka, na udongo wa kina kifupi juu ya mwamba hupewa kile cha chini kabisa, tani 1, sawa na tani 2.24 kwa hekta. Hiyo ni chini ya sehemu ya tano ya milimita.

Sababu ya ukali huo ni kwamba hasara haifanani. Ukipoteza sentimita 10 kwenye udongo wa sentimita 150, umepunguza kina kwa asilimia 7. Ukizipoteza kwenye sentimita 40, umepoteza robo ya akiba yako yote, tena robo yenye mboji.

Naweza kulima, au kuchimba matuta na makinga maji?

Katika mgawanyo wa uwezo wa ardhi uliochapishwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani mwaka 1961, wenye madaraja 8, ardhi hii kwa kawaida huangukia daraja la 6 au 7: malisho, misitu na wanyamapori. Jembe halikukatazwa kwa ubaguzi. Ni kwamba kugeuza udongo huu huanika mboji, hulegeza chembe, na mvua moja mbaya humaliza kazi.

Mitaro ya kuchimbwa ina hatari yake. Ikifika kwenye mwamba, hukusanya maji na kuyaingiza mahali udongo unapokutana na jiwe, na udongo wote unaweza kuporomoka. Mistari ya mawe iliyopangwa kufuata kontua, yaani mstari wa usawa unaokatiza mteremko, inafaa zaidi. Haihitaji kuchimba sana, hupunguza kasi ya maji bila kuyafungia, na mawe unayo tayari. Kwenye makorongo madogo, anza juu yanakoanzia.

Mbolea na mbegu mpya je?

Mbolea mara nyingi ni kupoteza fedha: kinachokosekana kwanza ni maji. Naitrojeni ya ziada pia huweza kuyapendelea magugu ya muda mfupi kuliko nyasi za kudumu. Mbegu zina maana pale tu ambapo nyasi za kudumu zimetoweka kabisa. Kama bado yapo mafungu machache, kupumzisha eneo ni rahisi na ni uhakika zaidi.

Na miti?

Panda penye nyufa au mwamba uliooza. Shimo lililopasuliwa kwenye mwamba usio na ufa huwa beseni: hujaa maji wakati wa mvua, mizizi ikaoza, kisha hukauka kabisa.

Je, upande kilima kinakoelekea una maana?

Ndiyo. Kaskazini ya ikweta, mbali nayo, miteremko inayoelekea kusini hupigwa na jua zaidi na hukauka mapema. Kusini ya ikweta ni ile inayoelekea kaskazini. Usipange kulisha pande zote mbili kwa tarehe moja.

Nitapimaje mwenyewe?

Chukua mtaimbo na sururu, na uchimbe mashimo kadhaa kuanzia juu hadi chini ya mteremko. Usichimbe moja tu, kwa kuwa kina hubadilika hata ndani ya hatua chache. Mtaimbo peke yake hudanganya: hukwama kwenye jiwe ukadhani ni mwamba. Kwenye kila shimo andika kina, rangi, mahali mizizi inapoishia, na kadirio la mawe. Ukidondosha asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa na udongo ukatoa povu, kuna chokaa.

Kwa mteremko, gawanya kimo ulichopanda kwa umbali wa mlalo, si ule unaotembea juu ya mteremko, zidisha kwa 100. Usichanganye asilimia na digrii: asilimia 100 ni digrii 45, na asilimia 30 ni karibu digrii 17 tu. Kuna waliopunguza mifugo kupita kiasi, na wengine kupunguza kidogo mno, kwa kosa hilo.

Naweza kuchimba bwawa au choo hapo?

Bwawa litavuja nyufani, na udongo wa kulizibia hautoshi. Choo cha shimo au mfumo wa majitaka ni hatari zaidi: uchafu hupita kwenye udongo kidogo mno kuchujwa, kisha huingia nyufani na unaweza kutokea kwenye chemchemi iliyo chini ya kilima. Tafuta mahali penye udongo mnene, mbali na chemchemi hiyo.